Njano Haitunzi Siri

Katika rangi zote alizoziumba Mungu, sijaona rangi mbea kama njano. Nyeusi unaipaka juu ya uchafu, inanyamaza. Bluu unaipaka juu ya kutu, inakuvumilia mpaka umeshaondoka. Njano? Thubutu! Ukiacha alama ya kidole chini yake, itawaonyesha watu kidole. Ukiacha tone la grisi, itafumuka tundu hapo hapo, kila anayepita aseme, aa, hapa hapakuoshwa. Na ukiipaka juu ya rangi nyingine, inaanza kufanana na ile ya chini, haina msimamo hata kidogo. Ndiyo maana njano inatangulizwa nyeupe. Nyeupe safi, iliyokauka, iliyopigwa msasa mpaka kiganja kinateleza. Hapo tu ndipo njano inakubali kuwa njano.

Na karakana yetu, balaa gani hili, ilikuwa inapiga njano tu. Tunatengeneza mashine za barabarani: vijiko vya kuchimbia, magreda, mashine za kuchanganya zege, minara ya taa, vyote vya kukaa nje juani na mvuani. Vinaletwa vimechubuka na kuota kutu, vinatoka vinang'aa. Kazi yangu mimi ni kuosha grisi, kukwangua kutu, kupiga msasa na kufunika vioo kwa magazeti. Wananiita Msasa. Wanasema ni kwa sababu ya kazi, lakini wakilisema jina hilo wanautazama mdomo wangu, kwa hiyo nawajua.

Mpiga rangi alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja. Yeye walimwita Mkono Mwepesi, na hapo hawakukosea. Sisi wa rangi tunahesabu kwa mikono: ukiizunguka mashine nzima mara moja, huo ni mkono wa kwanza, ikishika ukarudia, mkono wa pili. Wapigaji wenye pupa wanataka mkono mmoja umalize kila kitu. Rangi inakuwa nzito, inateremka michirizi, tunasema imelia. Ya mdogo wangu haikulia hata siku moja. Anamwaga maji sakafuni kwanza ili vumbi lilale. Asubuhi yenye unyevu hapigi, hata bosi agombe vipi, maana njano ikipigwa kwenye unyevu inapauka kama midomo ya mgonjwa. Anasimama shubiri mbili kutoka kwenye chuma, anafyatua bunduki yake ya kupulizia rangi kabla hajakifikia, anaiachia akishakipita. Mkono wake wa kwanza ulikuwa ukungu tu, ungedhani ameghairi. Wa tatu ukikauka, unaweza kuchania nywele kwenye ubavu wa greda.

Nilimfundisha mimi kufunga viatu, nikamfundisha mimi kushika msasa, lakini bunduki ya rangi alijifundisha mwenyewe, na ndicho kitu pekee maishani mwake ambacho hakuniuliza.

Nilijua kuna jambo siku ya sabuni. Ilikuwa siku ya mapumziko, akaja chumbani kwangu kuomba sabuni ya kufulia. Nilikuwa na miche miwili dirishani, mmoja mweupe, mmoja wa njano.

"Chukua huo wa njano," nikamwambia, "mweupe niachie."

Akaishika yote miwili. Akainusa. Akachukua mweupe.

"We! Umevaa miwani ya mbao mchana kweupe?" Nilisema hivyo kumtania tu, kwa sababu mdogo wangu hanywi hata togwa lililolala. Hakucheka. Alikaa kitandani kwangu na sabuni mapajani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, wa njano ni upi?"

Nilidhani ananichezea shere. Nikamtajia vitu vilivyokuwa chumbani, kimoja kimoja. Nyekundu aliiona. Nyeusi aliiona, kijivu alikiona. Bluu aliisema kwa kubahatisha. Pazia langu, ambalo ni la njano kiasi kwamba majirani wanalisema, aliliita jeupe lililochakaa. Nikaketi kando yake.

"Tangu lini?"

"Ilianza kupungua pole pole. Nilidhani wanatuletea rangi mbovu."

Nikamburuta kwa daktari wa macho, hakutaka, nikamburuta. Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Alimpangisha vidude vya duara vya rangi mbalimbali kwenye sinia, akaviangalia alivyovipanga, akashusha pumzi. Akauliza anafanya kazi gani. Nilipotaja thina, ile dawa ya kulainishia rangi, akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Ni ule mvuke wake. Umevuta miaka yote hiyo na kitambaa puani, kitambaa hakizuii kitu. Acha kazi hiyo."

"Akiacha, itarudi?" nikauliza mimi.

"Haitaendelea kupungua, pengine."

"Mama, nimekuuliza kama itarudi."

Akanitazama. "Sijamwona hata mmoja aliyerudishiwa."

Tukatoka, tukaelekea kwake kwa miguu. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Macho yana rangi chungu nzima za kupoteza. Angepoteza zambarau, nani angejua? Tumeona zambarau wapi sisi? Lakini hapana, imeondoka ile ile inayomlisha mke na watoto. Tulipofika karibu na kwake akasimama. "Mke wangu asijue. Na kazini asijue mtu."

"Acha basi, kama daktari alivyosema. Tafuta kazi nyingine."

"Kazi gani, dada? Ulinzi? Wezi wakikimbia na gari, niulizwe lilikuwa la rangi gani?" Alicheka peke yake, halafu akaacha. "Nikiiweka chini ile bunduki, mimi ni nani?"

 Ndipo tukabuni mbinu ya mpira.

Bunduki ya rangi inaunganishwa na mashine ya upepo kwa mpira mrefu, na mtu anatakiwa aushike kwa nyuma usiburuzike kwenye rangi mbichi. Nikaushika mimi. Hapakuwa na wa kushangaa. Mashine ya upepo ikinguruma hamwezi kusikilizana, kwa hiyo tulikubaliana hivi: nikiuvuta mpira mara moja, kuna mahali umepaacha, nyeupe inaonekana. Nikiuvuta mara mbili, inatosha, sogea, inataka kulia. Akivutwa mara moja anageuka na kupaza sauti, "Wapi?" nami namwonyesha kwa kidole. Bawaba. Chini ya ngazi. Nyuma ya tairi. Anapafuata, anapapiga, tunaendelea.

Cheche, mchomeleaji wetu, mtu wa mzaha tangu kuzaliwa, alikuwa akipita na kutucheka. "Nyinyi mnapiga rangi au mnavua samaki?"

"Tunavua, na wewe ndiye chambo," namjibu, basi anaenda zake.

Tulipiga mashine nyingi kwa mtindo huo na zote zilitoka safi. Kuna siku nilisahau kabisa kwamba haoni. Mkono wake ulikuwa ule ule, mwepesi, haujikwai. Ni mimi tu niliyejua kwamba mwenye mkono huo anapiga nyeupe juu ya nyeupe, mchana kutwa, akiniamini mimi.

Halafu nikaugua. Homa ya kawaida tu, ya kulala siku mbili na kuamka. Nilimtumia salamu asipige kitu mpaka nirudi. Akapiga. Kulikuwa na mashine ya zege iliyokuwa ikisubiriwa, bosi anahema mlangoni, naye akaona aibu kusema anamsubiri dada yake. Niliporudi niliikuta uani ina mabaka meupe kama ng'ombe, na upande mmoja imelia toka juu mpaka chini. Cheche aliniona nikiitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Bosi akaniita. Bosi wetu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana mtu mbaya ningemtukana nikapumua.

"Msasa, nakuheshimu," alisema. "Nimekuwa nikiwatazama muda mrefu. Tangu lini bunduki moja ikapigwa na watu wawili?"

"Nashika mpira, bosi."

"Unashika mpira. Siku usipoushika, tunapata ng'ombe." Alikuna kidevu. "Anaumwa nini?"

Nilinyamaza kama maji ya mtungini. Mimi, Msasa.

"Basi," akasema. "Kuna rola inakuja, ile ya kushindilia lami. Ataipiga peke yake, tangu mwanzo mpaka mwisho, wewe hata mlangoni usionekane. Ikitoka vizuri, sitauliza neno tena. Isipotoka vizuri, nitamwacha apumzike."

Apumzike! Neno zuri hilo, ndilo wanalotumia makaburini.

Mimi nikahamishiwa nyuma ya ukuta, kwenye pipa la dizeli, kuosha vyuma vya injini. Jioni nilimfuata mdogo wangu kwake, tukasimama nje ili mkewe asisikie.

"Nenda kwa bosi ukamwambie ukweli," nikamsihi. "Mwambie kabla. Atakuonea huruma."

"Sitaki huruma yake, nataka rola."

"Utaipigaje? Hebu niambie. Nyeupe na njano kwako ni moja, utaipigaje, kwa kunusa?"

"Nina njia yangu."

"Njia gani?"

"Dada, nenda kaoshe vyuma vyako." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatabasamu, tabasamu lile la utotoni la mtu aliyeficha kitu nyuma ya mgongo. Ni siku nyingi sikuwa nimeliona. Nikamwacha.

Rola ikaletwa. Nilisikia kila kitu kupitia ukuta. Nilimsikia akiiosha, akiikwangua, akipiga msasa mwenyewe, na nikakiri moyoni kwamba anaupiga vizuri, wa pole, wa mviringo. Nikamsikia akimwaga maji sakafuni. Halafu mashine ya upepo ikanguruma na bunduki ikaanza.

Mtu aliyeshika mpira muda wote ule hahitaji macho. Nilijua kwa sauti tu. Fyuu, kimya. Fyuu, kimya. Hasiti popote. Zamani, kabla ya ugonjwa, ndivyo alivyokuwa akipiga. Nilipokuwa nikimvuta vuta mimi, sauti ilikuwa inakatika katika, inarudi nyuma, inauliza. Sasa haiulizi. Nilisimama na bomba la injini mkononi, dizeli inanitiririkia kwenye kiwiko, nikaanza kulia kama mjinga. Nilijiambia, anaona. Sijui kwa vipi, lakini mtoto anaona!

Kitu kimoja tu kilinitatiza. Baada ya ile ya kutangulizwa, alipiga mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikadhani amemaliza. Kesho yake akarudi, akapiga wa nne. Wa tano. Njano juu ya nyeupe haitaki mikono yote hiyo. Nikajipa moyo kwamba ni woga, anajihami, heri izidi kuliko ipungue. Nikaendelea na vyuma vyangu.

Siku ya kuitoa, jua lilikuwa limesimama. Ndani ya banda lile la kupigia rangi kuna taa za zamani zenye mwanga wa njano njano, ukiweka hata chupi nyeupe mle itaonekana ya njano, kwa hiyo rangi haihukumiwi ndani. Inatolewa nje. Nilisikia injini ya rola ikiwaka, nikaacha kila kitu, nikazunguka ukuta mikono ikinuka dizeli. Bosi alikuwa hajatoka ofisini bado. Cheche alikuwa ndiye aliyeiendesha kuitoa, akashuka, akasimama pembeni anaitazama.

Mdogo wangu aliniona akanijia mbio, bunduki bado mkononi na mpira unamfuata nyuma.

"Dada! Njoo uone! Nimeona mwenyewe, dada, kila mahali!"

Nilitazama. Kwanza niliona ulaini. Sijaona chuma kimelazwa rangi vile, si kabla wala baada. Hapakuwa na chozi, hapakuwa na vumbi, hapakuwa na tundu la grisi. Bawaba zimeingia, kingo zimezunguka, chini ya ngazi pamefika. Niliona meno yangu ubavuni. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, nami zile nyingine nilizipiga msasa mimi, najua.

Halafu nikaiona rangi.

Ilikuwa kijani. Si kijani cha majani, angalau hicho kina jina. Ilikuwa ile rangi ya nyongo, ile inayomtoka mtu tumboni asubuhi akiwa hana kitu cha kutapika. Rola nzima, toka juu mpaka chini, sawasawa kabisa, pasipo kosa.

"Nilitanguliza kijivu," alikuwa akininong'oneza, anatweta kwa furaha. "Ile tunayopakaga uvunguni. Kijivu nakiona, dada! Njano ikifika, kijivu kinaondoka. Nikakifuata kijivu, nikakifuata, mpaka kikaisha chote. Najua, najua, njano haipendi kijivu, ndiyo maana nikaipa mikono mingi. Sikuiacha mpaka nimehakikisha kwa macho yangu."

Kwa macho yake. Pale nilipokuwa nimesimama, karibu na kioo, gazeti lilikuwa limebanduliwa na kuacha ukingo, na kwenye ukingo ule kijivu kilionekana, chembamba kama uzi. Mpiga rangi yeyote anayeona angejua kwa mkono wa pili tu kwamba kijivu kinaigeuza njano kuwa kijani. Yeye aliendelea mpaka wa tano, kwa uangalifu wote, akiikamilisha kabisa.

Cheche hakuweza kuvumilia. Nadhani hata yeye hakutaka, mdomo wake ulimponyoka. "Fundi," akasema, "wameagiza kijani?"

Mdogo wangu akaangua kicheko. "Cheche, kamwone daktari wa macho!"

Nikatamani ardhi inimeze.

Bosi akatoka. Alikuja taratibu, akasimama mbele ya rola, akaizunguka yote, amefunga mikono nyuma. Mdogo wangu alikuwa amesimama wima kama mwanafunzi, kifua mbele. Bosi akaweka kiganja kwenye ubavu, akakipitisha pole pole mpaka mwisho.

"Imelala vizuri," akasema.

"Asante, bosi."

"Imelala vizuri mno."  Akanitazama mimi, si yeye, na macho yake yalikuwa yameiva. Niliomba atukane. Niliomba apige kelele, nimrukie, tugombane, jambo liishe kwa ugomvi. "Msasa," akasema, "mwambie wewe." Akarudi ofisini, akaurudisha mlango nyuma yake pole pole. Cheche naye akaondoka, akiangalia chini.

"Aniambie nini?" Mdogo wangu aligeuka kwangu, bado anatabasamu. "Dada? Uniambie kwamba nabaki?"

Mdomo wangu, ule wanaouogopa karakana nzima, ulikataa.  Nilitaka kusema ni nzuri, na ilikuwa nzuri. Nilitaka kusema tutaipiga nyeupe tuanze upya, lakini tungeanza na macho ya nani, na mbele ya nani? Nilimtazama alivyochangamka, jasho limemtoka puani, alama za kitambaa mashavuni, nikaona kwamba nikisema kwa maneno nitamwua.

Mpira ulikuwa umelala chini kati yetu. Nikainama nikauokota.

Nikauvuta mara moja.

Mazoea ni kitu kibaya. Hakufikiri. Aligeuka kuielekea rola, akainua bunduki, mkono wake mwepesi ukakaa tayari shubiri mbili kutoka kwenye chuma.

"Wapi?" akaniuliza, akingoja nimwonyeshe kwa kidole.

"Kote," nikamwambia.